Nyumba ya Themanini na Nne

Wirrabilla, magharibi ya Sydney
12 Januari 1992

Mdogo wangu Salvu,

Nakusalimu wewe na wifi yangu Doris, na huyo Joe wenu anayejiandaa kuoa. Mimi ni mzima. Magoti tu ndiyo yamestaafu kabla yangu. Joto la mwaka huu limeua maharage, lakini nyanya za nyuma ya nyumba zimezaa mpaka nagawia watu nisiowapenda.

Picha ya mashine yako mpya ya kuvunia miwa imefika. Doris kasimama mbele yake kama bibi harusi mbele ya kanisa. Hongera sana. Mwaka juzi uliniandikia kwamba ugonjwa wa kutu umekula miwa na benki inakugongea mlango, nami nikawasha mishumaa hadi padri akaniuliza kama nataka kuunguza kanisa. Kumbe Mungu alikuwa anasikia.

Sasa nikwambie lililonikalisha mezani. Nyumba za kwenye shamba la baba zimekwisha. Tajiri Hartigan kang'oa kibanda chake cha kuuzia viwanja, kabakiza bendera mbili zinapepea bure. Mahali penyewe wanapaita Bustani za Wirrabilla, labda kwa kuwa bustani zote wamezing'oa. Lakini nyumba ni themanini na tatu, Salvu, si themanini na nne. Kiwanja kimoja kule chini, karibu na kijito, ni majani matupu na ule ukuta wa mawe wa baba.

Na daraja hakuna.

Ulikuwa umekaa kando yangu siku ile ya mkutano wa halmashauri, lakini nakukumbusha, maana watu hapa wananitazama kana kwamba niliota. Sheria ilitaka kila nyumba mpya ilipiwe ada, kwa sababu watu wapya wanataka barabara na mitaro na daraja, na si haki wakulima wa kabichi ndio wawagharimie. Hartigan akasimama na suti yake ya kijivu. "Mkichukua ada yangu," akasema, "mtaifungia kabatini miaka kumi. Niacheni nilijenge daraja lenyewe. Siku nyumba ya mwisho itakapomwagiwa jamvi la zege, siku hiyo naanza daraja. Benki inanidhamini mpaka tarehe thelathini Juni, tisini na mbili."

Madiwani wakapiga makofi, wakulima wakasita. Ndipo nikasimama mimi na matope yangu ya viatuni. Nikawaambia mume wangu Ġorġ alikata roho kitandani huku gari la wagonjwa limesimama ng'ambo ya kijito na taa zake zinazunguka, kwa kuwa maji yalifunika barabara. Nikasema, kama ni daraja, mimi nauza. Ġuditta jirani yangu na mumewe Wiġi wakauza kwa neno langu, na wengine wakafuata.

Nimekwenda halmashauri. Yule binti wa dirishani, Lorraine, ana adabu lakini hana dawa. "Mama Grima, nyumba ya mwisho haijaanza, kwa hiyo hatuwezi kumdai daraja. Na Juni ikipita, benki inarudishiwa dhamana yake na hatuna tena cha kumshika." Nikamuuliza nani mwenye hicho kiwanja. Akasema ni kampuni, jina lake herufi tatu tu, na anwani yake ni sanduku la posta huko Mackay, Queensland.

Salvu, Mackay ni kwenu. Nilifurahi, nusura nimbusu kupitia kioo. Mtafute mtu huyo. Mweleze kwa upole. Hatumwombi kuta wala paa, tunamwomba jamvi tu, na kama hana fedha tutamchangia. Anachotakiwa ni kuweka saini.

Ni mimi dada yako,
Karmni


Mackay
9 Februari 1992

Dada Karmni,

Tumepokea salamu zako na tunazirudisha zikiwa nzito kuliko zilivyokuja. Sisi wazima. Mvua hapa inapiga siku ya nane, miwa imelala chini kama walevi. Joe na mchumba wake wanagombana kuhusu keki. Yeye anataka ya matunda, mchumba anataka ya chokoleti, na mama mkwe anataka zote mbili kwa gharama yangu.

Kuhusu kile kiwanja, nitauliza. Lakini Mackay si kijiji cha baba, dada. Watu wenye makampuni hawapendi kugongewa mlango na mkata miwa. Na pengine mwenyewe ana sababu zake. Ardhi ya mtu ni ya mtu.

Nakushauri usijichoshe. Hartigan ni Hartigan na halmashauri ni halmashauri, wamezoeana. Umri umekwenda. Ungeuza hiyo nyumba ukaja huku, Doris angekutengenezea chumba cha upande wa upepo. Daraja litakuja tu, serikali haiwezi kuacha watu wote hao bila njia.

Wako,
Salvu


Wirrabilla
20 Februari 1992

Salvu,

Salamu kwa wote. Mpe Joe pole ya keki.

Maji yamekuja. Kijito kimepanda usiku wa Jumanne, na asubuhi barabara haikuonekana. Wiġi akashikwa na kifua. Ġuditta akapiga simu, gari la wagonjwa likaja, likasimama palepale liliposimama la Ġorġ. Mwanao wa ubatizo, Frans, akamtia baba yake kwenye koleo la trekta, juu ya magunia ya viazi, akamvusha hivyo, maji yakigonga injini. Mzee wa miaka sabini anapita mtoni kama shehena. Yuko hospitali, ataishi, ingawa daktari anasema moyo wake hauna subira tena.

Nilikwenda kumpa Ġuditta pole, nikabeba supu. Alifungua mlango nusu.

"Karmni, daraja lako liko wapi? Nimelitafuta chini ya meza, sikuliona."

"Ġuditta, ninahangaika."

"Unahangaika. Mimi niliuza kwa ulimi wako. Leo mume wangu kapandishwa trekta kama kabichi. Hiyo supu kampe Hartigan."

Nikarudi nayo. Sikuweza kuinywa.

Sasa wewe. Unaniambia Mackay si kijiji. Umeishi huko miaka kumi na mbili, kila Mmalta wa klabuni kwenu anakujua mpaka rangi ya soksi, ukipiga chafya mitaa miwili wanakuombea. Na mtu mmoja mwenye kiwanja Wirrabilla humjui wala hujamsikia? Jikaze, mdogo wangu. Sikuombi mengine.

Maji yamebomoa na ukuta wa baba, upande wa njia. Mawe yamezagaa, watoto wa shule wanayaruka. Lorraine anasema wamempelekea mwenye kiwanja amri ayaondoe. Kwa hiyo barua zinamfika, Salvu. Yupo.

Karmni


Wirrabilla
22 Machi 1992

Salvu,

Mwezi umepita. Nilipiga simu Jumatano. Doris kasema umekwenda Brisbane kununua vipuri vya mashine. Nikamuuliza mbona mashine mpya inataka vipuri, akasema maziwa yanachemka, akakata.

Hamna ugonjwa? Kama kuna ugonjwa niambieni, msinifiche. Tuko wawili tu tuliobaki.

Dada yako


Mackay
5 Aprili 1992

Dada yangu mpendwa,

Nisamehe kwa ukimya. Hatuna ugonjwa. Ni kazi tu, na harusi, na mvua. Doris anakupenda, hajui kuzungumza na simu.

Nimeuliza kule posta. Wanasema sanduku hilo ni la bwana mmoja ambaye hakai hapa. Yuko ng'ambo, nasikia Singapore, na hajulikani atarudi lini. Sioni la kufanya zaidi. Nimesikitika kwa ajili ya Wiġi. Mfikishie salamu zangu ukiona inafaa.

Pasaka njema. Natamani zile keki zako za lozi.

Salvu


Wirrabilla
21 Aprili 1992

Salvu,

Pasaka imepita. Sikuoka keki.

Ijumaa Kuu niliteremka kijitoni kuchuma matawi ya madhabahu, nikapita kwenye kile kiwanja. Ukuta umesimama. Nikadhani halmashauri wametuma watu. Nikasogea. Hakuna saruji hata chembe. Mawe makubwa nje, kokoto zimeshindiliwa katikati, na juu mawe yamesimamishwa kwa ubavu, yanategemeana. Hapa Australia nani anajenga hivyo? Baba alijenga hivyo, kwa kuwa babu alijenga hivyo kule Malta, kijijini Għarb, na alifundisha watoto wawili. Mmoja ni mimi, na mimi magoti yangu hayanyanyui hata ndoo.

Nikatazama kabari, vile vijiwe vya kukazia mawe makubwa. Baba alizigonga upande wa kulia. Kuna mtoto mmoja alizigonga kushoto, kwa kuwa mkono wake ni wa kushoto, na baba alimzaba kofi kila siku na hakubadilika.

Nilikaa chini pale pale majanini na nguo zangu za kanisani.

Akatoka yule mama wa nyumba ya jirani, Pat, mwenye mbwa wa manyoya. Akadhani nimeanguka. Nikamuuliza ukuta kajenga nani. "Mzee mmoja mfupi, mwezi uliopita," akasema. "Alifanya kazi siku mbili. Anapiga mluzi vizuri ajabu. Nilimpa chai akakataa, alikuwa na mkate wake, kaupaka nyanya na mafuta. Nilimuuliza kama ni fundi wa halmashauri, akasema hapana, hiki ni kiwanja chake."

Hiki ni kiwanja chake.

Brisbane, Salvu. Vipuri. Singapore. Ukiwa umekaa juu ya ukuta ule ukila mkate, mbele yako ni dirisha la jiko langu. Nilikuwa ndani. Nilikuwa naosha vyombo, au namwandikia ndugu yangu asiyejibu. Siku mbili nzima, na hukuvuka uwanja kuniambia hata habari za asubuhi.

Nimekutuma ukamtafute mtu, nikakusihi umbembeleze kwa upole. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nakung'uta nguo za watu wengine.

Niambie mwenyewe. Usimtume Doris na maziwa yake.

Karmni


Mackay
17 Mei 1992

Karmni,

Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana. Sina salamu za kupamba.

Tulipouza, nilimwambia Hartigan nataka kiwanja cha chini kitolewe kwenye fungu langu. Sikukwambia kwa sababu ungeniambia ni upuuzi. Nilitaka trekta zao zisiguse ukuta wa baba. Hilo tu, naapa kwa mama. Nikakiandika kwa jina la kampuni kwa sababu mhasibu alisema ni nafuu.

Halafu kutu ikaingia kwenye miwa. Wewe uliwasha mishumaa, nakushukuru, lakini benki haipokei mishumaa. Walikuja kupima shamba langu nikiwa nimesimama hapo, wakizungumza juu ya kichwa changu. Wiki hiyohiyo Hartigan akapiga simu. Hakuomba mengi. "Salvu, hicho kiwanja usikijenge mpaka Julai ya tisini na mbili. Usifanye kitu." Akanilipia deni lote la benki, pesa ikabaki na ya mashine.

Mimi sikuiba. Sikumdanganya mtu kwenye mkutano, aliyedanganya ni yeye. Nimelipwa kwa kutofanya kitu, na kutofanya kitu si dhambi katika kitabu chochote. Halmashauri yenye mawakili ikakubali kuachia ada kwa ahadi ya mdomo mtamu, na leo mkosaji niwe mimi?

Machi nilikuja kwa sababu ya ile amri. Ningeweza kulipa mtu aje na saruji. Sikuweza. Nilikuona ukianika nguo. Nilipanda hadi kwenye lango lako, mkono ukakataa kufungua. Hilo ndilo jambo unaloweza kunilaumu nalo.

Usiwaambie watu wa huko. Frans ni mwanangu wa ubatizo.

Salvu


Wirrabilla
28 Mei 1992

Salvu,

Wiġi karudi nyumbani, anakaa kibarazani na blanketi. Hali yangu uliza ukitaka.

Nimesoma barua yako. Ile habari ya kutofanya kitu nimeizungusha kichwani tangu Jumatatu nikipalilia vitunguu. Hata aliyemwona Ġorġ akikata roho na asiende kutafuta mtumbwi, naye hakufanya kitu. Basi tuiache. Mimi sitaki kushinda mabishano, nataka daraja.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya halmashauri. Lorraine kanisaidia kuijaza. Ni ruhusa ya mwenye kiwanja kumwaga jamvi, ukurasa mmoja, mahali pa saini nimepatia alama ya penseli. Frans ana lori la zege sasa, atamwaga bure. Mkaguzi wa halmashauri kakubali kusubiri mpaka saa kumi jioni ya tarehe thelathini Juni, siku inayofuata sikukuu yetu ya Imnarja. Karatasi ikiwa mkononi mwangu yenye saini, jamvi linamwagwa, na Hartigan atake asitake, benki yake italijenga daraja.

Kama atakudai ulichokula, uza nyumba yangu umlipe. Sisemi kwa hasira. Nimezungumza na mtu wa kuuza nyumba, amekuja kupima vyumba. Nitakuja kwenye kile chumba cha upande wa upepo, kama bado kipo.

Hapa sijamtaja mtu. Nimewaambia mwenye kiwanja ni bwana mmoja wa Mackay na ndugu yangu anamshughulikia. Ġuditta akasema, "Salvu ni mtu mwema, atampata." Nikaitikia. Unajua ilivyo kuitikia neno kama hilo mbele ya mtu uliyemtia hasara?

Weka saini. Ukiweka, sitalitaja tena mpaka kaburini, na watoto wa Joe nitawalea kama wangu.

Dada yako


Mackay
24 Juni 1992

Dada yangu Karmni,

Amani iwe nyumbani kwako. Umenishinda. Sikulala tangu karatasi yako ifike, Doris ni shahidi. Leo nimekaa mezani nikaweka saini, ndiyo hii hapa. Si saini tu, nimeongeza na hati, kiwanja chenyewe nakuandikia wewe. Ukuta ubaki mikononi mwako, unastahili kuliko mimi.

Usiuze nyumba. Hartigan niachie mimi, akitaka kunipeleka mahakamani anajua ninapokaa.

Naondoka sasa hivi kuipeleka posta mwenyewe, ikuwahi kabla ya siku yake. Mwambie Frans amwage zege, na mimi nipo naye. Uwapikie sungura wa Imnarja, mninywee glasi moja.

Nisamehe dada. Nilikuwa mjinga, si mwovu.

Mdogo wako,
Salvu


Wirrabilla
9 Julai 1992

Salvu,

Tarehe thelathini tulikuwa kiwanjani tangu asubuhi. Frans alikuja na lori lake limejaa. Ġuditta alileta sungura aliyebaki wa jana na mvinyo, akamleta na Wiġi kwenye kiti cha kukunja. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Februari kusema nami vizuri. Kila gari lililopita tulidhani la posta. Mchana tukala. Mtu wa posta akaja na bili ya umeme.

Mkaguzi alikuwa mtu mzuri. Alisema anaumia lakini bila saini ya mwenye kiwanja hana uwezo. Saa kumi akafunga mkoba. Zege likawa limeanza kushika ndani ya lori, Frans akalipeleka kulimwaga jalalani kwa hasara yake. Asubuhi iliyofuata benki ya Hartigan wakarudishiwa dhamana yao. Kampuni yake ya viwanja inafungwa mwezi huu, Lorraine kaniambia.

Barua yako imefika jana, tarehe nane. Nilisoma nimesimama. Nikaona saini, nikaona tarehe, ishirini na nne Juni, nikalia kwa sauti mpaka mbwa wa Pat akajibu. Nikasema, kumbe alituma. Kumbe ndugu yangu alituma kwa wakati, ni wapumbavu wa posta walioichelewesha. Niliwalaani wote mmoja mmoja, kuanzia Mackay hadi hapa.

Nikambeba Ġuditta kwenye gari, tukaenda halmashauri. Nilimweleza njiani kila kitu, kwamba kiwanja ni chako, kwamba ulikosea, kwamba ulijirudi. Akasema, "Damu ni damu, Karmni." Nikafika dirishani na bahasha nimeinua, watu wamepanga foleni. Nikamwambia Lorraine, tazama tarehe. Ruhusa ilitolewa siku sita kabla. Kosa ni la posta, si la ndugu yangu. Wapigie benki, wapigie Hartigan, nitakwenda mpaka kwa hakimu nikiwa na barua hii.

Lorraine alisoma yote. Halafu akageuza bahasha. Akaiweka mezani taratibu, akaweka kidole juu ya stempu. Muhuri wa posta ya Mackay ni wa tarehe tatu Julai.

Ġuditta ndiye aliyesema, "Twende nyumbani." Alinishika mkono mpaka garini.

Kiwanja sikitaki. Hati nimeirudisha humu ndani. Barua zako nyingine sitazifungua, kwa hiyo usijisumbue kuchagua tarehe.

Nilitaka ujue tu, Salvu, kwamba nilikuwa nimekwenda pale kukutetea.

Karmni Grima